Je, Bolti Itashika?

Fundi alianza kumshuku wifi yake asubuhi aliyomkuta uani anaongea na simu, mkono mmoja umelishika tanki la maji kama mtu anayeogopa kuanguka.

Duka lao lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: cherehani mbili, meza ya kukatia, majora ya vitambaa yameegemezwa ukutani, na mlango wa nyuma unaotokea uani. Fundi ndiye aliyeshona. Wifi yake alipima watu, akapiga pasi na kupokea wateja, na yote hayo aliyafanya bila maneno mengi, hata wateja wakamwita Kimya. Alikuwa ameolewa na mdogo wake Fundi, dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuonekana nyumbani siku chache kisha akapotea tena barabarani. Miaka yote ya kuishi nyumba moja, mawifi hao hawakuwahi kurushiana maneno. Wala hawakuwahi kuwa marafiki. Walipishana ukumbini kwa heshima, basi.

Sasa Kimya alikuwa anaongea Kiingereza, polepole, akilitafuta kila neno kabla ya kulitoa. Fundi, aliyekwenda kuanua nguo, alisimama nyuma ya kamba akatega sikio. Kiingereza chake yeye kilikuwa cha kusalimia na kuagana, lakini maneno mawili aliyadaka. Moja ni lile la "imara", ambalo wauza nyuzi hulipenda sana. La pili lilikuwa "bolti". Kimya alilirudia, bolti, bolti, kwa sauti ya kuuliza, halafu akajifuta macho kwa upindo wa gauni.

"Wifi, kwema?" Fundi aliuliza simu ilipokatika.

"Kwema, wifi."

"Ulikuwa na nani?"

"Mteja."

Kimya akampita, akaingia ndani kupasha pasi. Fundi akabaki na nguo mkononi. Bolti alizijua. Mdogo wake alikuwa na kopo zima la bolti na nati chini ya kitanda. Lakini ni mteja gani wa magauni anayeuliza habari za bolti? Na bolti ya gari inamliza nani?

Mtaa wa pili aliishi mwalimu mstaafu wa Kiingereza ambaye watu walimwita Kamusi, mbele yake na nyuma yake, naye jina alilipenda. Tangu astaafu alikuwa amepungua mwili, akawa analeta suruali zake moja moja zipunguzwe kiuno. Hakuwa na haraka. Suruali ingekuwa tayari, naye angetafuta kisa cha kukaa.

"Mwalimu," Fundi alimwambia siku ileile, macho kwenye sindano, "hivi Waingereza wakisema bolti, wana maana ya hizi za gari tu?"

Kamusi akakaa vizuri kitini. Ungedhani kaulizwa habari za mjukuu wake.

"Za gari ni mojawapo tu. Nyumbani, bolti ni ile pale." Akanyoosha kidole kwenye komeo la mlango wa nyuma. "Na kule kulisukuma komeo mpaka lifunge, nako ni neno hilohilo."

Fundi akashukuru, akaendelea kushona, lakini mshono ulimwenda upande. Komeo imara. Kimya anatafuta komeo imara la mlango gani? Chumbani kwake lilikuwepo, zima kabisa. Mtu hanunui komeo isipokuwa ana mlango, na mlango hauwi peke yake, una nyumba. Wifi yake alikuwa amepanga nyumba mahali.

Kuanzia hapo akawa hamwachii nafasi. Kimya akipokea simu, Fundi ana kitu cha kuchukua uani. Kimya akienda sokoni akachelewa, Fundi yuko mlangoni anafagia palipofagiliwa. Aliona mengi. Aliona wifi yake hali chakula vizuri. Aliona macho yamemvimba asubuhi, akasema moyoni, dhamira inamsuta. Aliona hata simu za Jumapili zimebadilika. Zamani mdogo wake alipopiga alionyesha uso wake, mkono kwenye usukani, anacheka na mama yao. Sasa ilikuwa sauti tupu.

"Kamera imekufa, dada," alisema.

"Na uko wapi siku zote hizo?"

"Huku huku. Mzigo umekwama mpakani."

"Mbona sauti yako kama ya mgonjwa?"

"Vumbi, dada. Mpe simu wifi yako."

Kimya akaichukua simu akaenda nayo chumbani, akafunga mlango. Mama, aliyekuwa kwenye kiti chake cha ukumbini na redio yake pajani, alimtazama Fundi.

"Wale wana nini?"

"Hawana kitu, Mama." Mama alikuwa na presha, na kila mtu nyumbani alishazoea kumpunguzia mambo kabla hayajamfikia.

Siku Kamusi alipokuja kujaribu suruali ya kijivu, aliingia na furaha yake. "Nimelifikiria lile neno lako," alisema. "Nilisahau kukwambia. Hata hayo ni bolti." Akayapiga majora ya vitambaa kofi la kirafiki. "Jora zima la kitambaa, Mwingereza analiita hivyo."

Alipoondoka tu, Fundi akayakagua majora yake. Jora la bluu, lile zito la sare, halikuwepo. Damu ikampanda kichwani. Akapekua chini ya meza, akapekua nyuma ya mapazia, akaingia mpaka ukumbini, na pale akaliona. Mama alikuwa ameliegemea.

"Mgongo unanisumbua," Mama alisema. "Kuna ubaya?"

Hakukuwa na ubaya. Lakini badala ya kutulia, Fundi alizidi kuchemka. Alijiona mjinga, na kwa kuwa hakupenda kujiona mjinga, akaamua kwamba jora si hoja, hoja iko palepale.

Jioni ya siku ya pili yake, jua bado lipo, alipita karibu na chumba cha wifi yake, mlango haukufungwa vizuri. Kimya amekaa sakafuni, wembe mkononi, suruali ya mumewe mapajani. Alikuwa anafumua mshono wa ubavuni, kuanzia kwenye pindo kupanda juu. Kando yake nyingine mbili zimekunjwa, na vipande vya kitambaa cha kuongezea.

Fundi alirudi nyuma kwa vidole vya miguu. Alikuwa ameshona maisha yake yote na alijua kwa nini mtu hufumua mshono wa ubavuni. Suruali inaongezwa upana. Mdogo wake alikuwa mwembamba, miguu kama fito, hakuna siku aliyohitaji suruali pana. Kuna mwanamume mwingine, mnene, na wifi yake anamtengenezea suruali za mumewe, ndani ya nyumba ya mumewe, huku mama mkwe wake anasikiliza redio upande wa pili wa ukuta!

Hakutaka tena kukisia. Alimwendea Kamusi nyumbani kwake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamkuta anamwagilia maua kwenye makopo.

"Mwalimu, lile neno. Lina maana nyingine tena?"

"Kibao!" Kamusi aliweka ndoo chini. "Asili yake ni mshale. Mshale mfupi, mnene, wa kufyatuliwa kwenye upinde wa mtambo. Baadaye watu wakaona radi inavyoshuka, wakaiita hivyo. Wakaona chuma kinavyochomekwa mlangoni, wakakiita hivyo. Jora nalo, kwa kuwa ni refu na nene kama mshale wenyewe. Na farasi akishtuka akachomoka zizini, wanasema neno hilohilo. Si kukimbia hivi hivi. Ni kufyatuka, kutoroka, bila kuaga. Hata mtu. Hata mke wa mtu, husemwa hivyo." Akacheka. "Fikiria, neno moja, kufunga na kutoroka!"

Fundi hakucheka. Alirudi nyumbani miguu haigusi chini, akajifungia dukani, akampigia mdogo wake.

"Nisikilize," alisema. "Mimi si mtu wa maneno, unanijua. Lakini mkeo ana lake jambo. Anaongea na watu simu za siri, analia, anafunga mizigo. Huyu anataka kukimbia."

Upande wa pili Fundi alisikia mlio wa gurudumu dogo likiburutwa sakafuni, na mwanamke akiita mtu kwa mbali.

"Uko na nani hapo?"

"Mwache tu, dada," mdogo wake alisema, sauti imekatika. "Tafadhali. Mwache." Simu ikakatwa.

Mwache tu! Kwa hiyo amekwisha kukata tamaa, au naye ana mwanamke huko aliko, wamekubaliana kuachana chini kwa chini, na Mama na yeye Fundi wataambiwa mambo yakishapoa. Hakujua sasa amwonee nani huruma. Alishinda na hasira za watu wawili.

Asubuhi iliyofuata Kamusi alikuwa amesimama katikati ya duka na suruali yake ya kahawia, pini zimepangwa kiunoni, Fundi amepiga magoti anapima pindo, pale Kimya alipotoka na mfuko mkubwa begani.

"Natoka kidogo, wifi."

"Wapi?"

"Mjini. Narudi."

Fundi alisubiri mpaka alipokata kona. Kisha akasimama, tepu bado iko shingoni.

"Mwalimu, nilindie duka."

"Na hizi pini?"

"Usikae tu."

Alimfuata kwa mbali, akipita kando ya maduka, akijifanya anaangalia bidhaa kila Kimya alipogeuka. Kimya hakugeuka zaidi ya mara moja. Alitembea kama mtu aliyehesabiwa pumzi, akapita kituo cha mafuta, akapita duka la dawa, akaingia ofisi ya mabasi ya safari ndefu, yale yanayovuka mpaka. Fundi alimkuta dirishani anaweka tiketi kwenye pochi.

"Wifi!"

Kimya aligeuka. Hakuonekana kushtuka sana, na hilo ndilo lililomtia Fundi wazimu.

"Unakwenda wapi?"

"Wifi, tuongee nje."

"Tuongee hapahapa! Watu wasikie. Unamkimbia mdogo wangu, siyo? Nimejua siku nyingi. Nyumba umeshapanga, komeo umeshaagiza, na mfukoni humo kuna suruali za mume wako unampelekea bwana mwingine!"

Abiria waliokuwa kwenye benchi waligeuza shingo. Karani wa dirishani akaacha kugonga mihuri. Fundi, alivyokuwa amepandwa, akaukamata mfuko, akauvuta, zipu ikafumuka, akachomoa suruali ya juu na kuitikisa mbele za watu.

Na pale, mikononi mwake, kitambaa kikamwambia.

Mguu wa kulia ulikuwa kama ulivyokuwa siku zote. Mguu wa kushoto ulikuwa umefumuliwa kutoka pindoni mpaka kiunoni, ukaongezwa kipande, na kando yake yote vikapangwa vifungo vya chuma vya kubana, vya kufungua na kufunga bila kuinua mguu. Mshono wa Kimya haukuwa mzuri. Uzi ulikuwa umekazwa mno, hapa na pale umerudiwa. Lakini kazi ilieleweka. Hii haikuwa suruali ya mtu mnene. Ilikuwa ya mtu asiyeweza kukunja goti, mwenye kitu kikubwa mguuni, anayevalishwa amelala.

Fundi aliikunja polepole.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Hospitali," Kimya alisema. "Ng'ambo ya mpaka. Lori lilitoka barabarani kwenye mteremko."

Wakatoka nje wakakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa. Hapo ndipo Kimya alipozungumza kuliko alivyowahi kuzungumza ndani ya nyumba ile. Mfupa ulikuwa umevunjika vipande vipande. Homa ilikuwa imempanda mgonjwa, hajijui, na madaktari wa kule walitaka mtu wa kwao aamue, ama mguu ukatwe ama wajaribu kuuunga kwa vyuma. Simu ikamfikia yeye, yuko uani, peke yake.

"Nesi alikuwa ananieleza kwa Kiingereza, mimi changu ni cha shule, nimekisahau. Nikawa nashika neno moja moja. Akaniambia bolti. Wataingiza bolti kwenye mfupa. Nikamuuliza, je, bolti itashika? Ni imara? Mtu mzima, kazi yake ni kukanyaga klachi kutwa nzima, itashika?"

"Akasemaje?"

"Akasema hajui. Akasema angekuwa ni mume wake, angejaribu." Kimya alivuta pumzi. "Nikasema, wekeni."

Fundi alikumbuka mkono ule kwenye tanki. Alikuwa umbali wa kamba ya nguo tu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alipozinduka alinikataza. Alisema Mama na presha yake hatastahimili."

"Lakini mimi?"

Kimya alisita. "Alisema wewe huwezi kuficha kitu usoni, Mama angejua kabla ya chakula cha mchana. Na mimi..." Akamtazama sasa, macho kwa macho. "Mimi nilitaka kukwambia. Nilikuja mpaka mlangoni kwako mara mbili. Lakini kila nikikutazama nakukuta unanitazama hivyo. Nikarudi."

Fundi alimwomba radhi, palepale kwenye ngazi, kwa maneno yaliyonyooka, bila kutaja presha wala mapenzi ya ndugu wala Kamusi. Kimya akasema, "Nimesikia, wifi." Hakusema yamekwisha.

Waliporudi Mama alikuwa amesimama mlangoni. Mtu wa kusaidiwa kuinuka alikuwa amesimama peke yake, kashika mwimo, na nyuma yake Kamusi, wima kama mlingoti, hathubutu kukaa.

"Huyu ametoka na mfuko," Mama alisema. "Wewe umemfuata unakimbia. Mwalimu ananiambia habari za farasi. Mnanificha nini?"

Kimya akamshika Fundi mkono kwa chini, ishara ya kunyamaza. Fundi aliuona uso wa mama yake, akaona kitu alichokijua vizuri kwa siku zile zote: mtu aliyeachwa peke yake na alichokiona nusu, akiijaza nusu iliyobaki kwa hofu. Aliujua uzito wake. Akamwambia. Ajali, hospitali, vyuma, bolti, yote.

Kamusi nyuma akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeongezewa maana nyingine ya neno lake, lakini kwa mara ya kwanza hakusema kitu.

"Mguu gani?" Mama aliuliza.

"Wa kushoto, Mama."

"Wa kulia ni mzima?"

"Mzima," Kimya alisema. "Na anakula."

Mama aliketi. Akalia, si kwa muda mrefu, akaomba maji, akanywa. Kisha akaitaka simu, akamwambia mwanawe kwamba kama kamera imekufa basi ifufuke sasa hivi. Ikafufuka. Wakamwona, ndevu zimeota, mashavu yameingia ndani, anajaribu kucheka. Mama alimtazama kwa muda mrefu bila kumgombeza, halafu akamgombeza.

Alasiri ile Fundi alikaa na zile suruali tatu, akazishona upya, vifungo vikae mahali pasipomchoma mtu aliyelala. Alimuuliza Kimya vipimo vya bandeji, Kimya akampa. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Asubuhi iliyofuata, tiketi ikiwa imesogezwa mbele siku moja, alimsindikiza hadi kwenye basi na kumbebea mfuko.

Mdogo wake alirudi baada ya miezi kadhaa, juu ya magongo, mkewe nyuma yake na mizigo yote. Malori hayakumtaka tena, akapata kazi ya kupanga safari za wenzake, ofisini, kwenye kiti. Bolti zilishika. Siku ya kwanza Mama aliagiza kijiko, akamgonga nacho kwenye muundi taratibu, asikie kama chuma kitalia.

"Hakilii," alisema, kama aliyedanganywa.

Fundi alikuwa jikoni anaosha vyombo. Alimsikia mdogo wake akicheka, kisha Kimya akisema jambo kwa sauti ya chini, kisha wote watatu wakicheka kwa nguvu, na cheko la Kimya, ambalo Fundi hakukumbuka kulisikia tangu arusi, lilikuwa la juu kuliko yote. Alitamani kujua amesema nini. Akasuuza kikombe, akachukua kingine, wala hakwenda kuangalia.